Ngozi ya Nishani

Baba yangu amesahau jina langu, amesahau kwamba mama alifariki, na siku nyingine husahau choo kiko upande gani. Nishani za Kichina hakuzisahau. Mnielewe vizuri, simlalamikii. Nasema mambo yalivyo, kwa sababu hapa Kisii mtu akiniuliza mzee anaendeleaje huwa anataka nihuzunike kidogo mbele yake ndipo aende zake ameridhika, na mimi huzuni ya kuonyesha watu sina. Wakiniuliza mimi mwenyewe naendeleaje, nasema nipo. Jibu ndilo hilo.

Naitwa Istarlin. Baba ni Abdirizak, yule wa duka la saa na mablanketi, ambalo mji mzima bado unaliita kwa Abdirizak ingawa ni mimi ninayelifungua asubuhi na kulifunga. Babake alikuwa Msomali mwuza ng'ombe, mamake Mgusii wa Ikonge. Kwa hiyo baba aliwauzia wakulima wa chai saa kwa Ekegusii, akaswali kwa Kiarabu, na sisi watoto akatugombeza kwa Kiswahili. Kugombeza alijua. Mimi nimerithi hapo.

Nishani zilianza kabla sijazaliwa. Mzungu mmoja wa mashamba ya chai alikuwa anahama, anauza vyombo vya nyumba, na baba akaenda kutafuta saa ya ukutani. Saa aliyoileta haijawahi kufanya kazi hata siku moja. Lakini ndani yake, nyuma ya pendulamu, kulikuwa na kisanduku cheusi, na ndani ya kisanduku nyota ya fedha yenye picha ya simbamarara. Ilikuwa nishani ya jeshi la China, ya miaka ile baada ya mfalme wao wa mwisho kuondolewa. Ilifikaje kwenye saa ya mkulima wa chai, hakuna ajuaye. Baba hakulala vizuri tena. Akaanza kuandikia watu Mombasa, London, Hong Kong. Mama alikuwa akisema wanaume wengine huoa mke wa pili, huyu wangu ameoa mabati.

Basi, katika ugonjwa huu wa kusahau, nikagundua kitu. Ukimweka baba mbele ya sinia la nishani zake, anarudi. Si kwamba ananijua. Ananichukua kuwa mtu aliyekuja dukani. Lakini sauti inakuwa yake, macho yanakuwa yake, na ule ukali unakuwa wake. Kila siku nikawa namwachia kijana wa jirani duka saa ya alasiri, nachukua boda hadi kwetu kwenye mteremko wa Nyanchwa, nanawa, naswali, namletea sinia. Sikuwa na kitu kingine cha kuningoja kwenye siku. Kuuza mablanketi, kula, kulala, hayo yote nilikuwa nayafanya kwa mikono tu.

"Wewe binti, umekuja kujifunza au umekuja kushangaa?" Ndivyo alivyokuwa akianza.

Nasema nimekuja kujifunza. Basi ananiambia geuza nyuma kwanza. Kila nishani, kila siku, geuza nyuma kwanza, kwa kuwa uso umetengenezwa kudanganya wapumbavu na mgongo hakuna aliyejali kuupamba. Nyuma ndiko kuna pini, na pini ya kale ina bawaba iliyofanywa kwa mkono. Nyuma ndiko kuna maandishi ya daraja, na yakiwa yamechongwa utaona ncha ya patasi ilipoingia. Yakiwa yamemiminwa pamoja na chuma, kingo zake zinakuwa butu kama sabuni iliyotumika. Halafu ndipo unageuza mbele. Simbamarara ni ya wanajeshi. Shuke la nafaka walipewa hata raia, makarani wakubwa na wageni waliowafaa. Majoka mawili ni ya zamani zaidi, enzi ya mfalme, na jiwe la katikati ndilo linalosema cheo: lulu waliwekewa wafalme wenzao, wengine walishuka kwa mawe mengine. Rangi igonge kwenye jino. Ya kweli ni kioo kilichochomwa, italia. Rangi ya kupaka hainyanyui sauti.

Mwisho alikuwa anafika kwenye ngozi. Fedha ikikaa miaka mingi hupata weusi, na weusi wa kweli hujificha ndani ya mikunjo, chini ya makucha ya simbamarara, katikati ya punje za nafaka. Hiyo aliiita ngozi. Alikuwa anaipitishia kidole gumba taratibu, macho amefumba, na kwa kidole hicho alikuwa anazijua zote, moja moja, alizitoa wapi na kwa nani. "Nishani ina ngozi yake," alikuwa anasema. "Ukiichuna umeua shahidi."

Sasa Benter. Benter ni wa kutoka upande wa ziwa, amekaa nasi tangu mama yu hai, anapika, anamuogesha baba, na sisi tunamwita Mama Millicent kwa heshima ya bintiye. Mwanamke mzuri, sisemi kwa kumpaka mafuta. Kwao, sufuria ya wageni husuguliwa hadi uone meno yako ndani, kisha inaanikwa juani majirani wote waione. Nyumba yenye vyombo vyeusi ni nyumba ya aibu. Na ilikuwa karibu na Idd, kaka yangu Uzair anakuja kutoka Eldoret na mkewe na watoto, na mimi mwenyewe nilikuwa nimemwambia Benter asugue kila kitu. Nilisema kila kitu.

Nilirudi nikalikuta sinia barazani, linawaka. Majivu ya jiko, ndimu na stilwaya. Alikuwa amezipanga kwa ukubwa. Simbamarara alikuwa mweupe kama kijiko kipya cha supamaketi, dhahabu iliyokuwa imepakwa kwenye miale imeondoka, na kwenye kile kioo cha bluu kulikuwa na mikwaruzo mingi midogo. Chini ya makucha hakuna kitu. Benter alikuwa amesimama pembeni anafuta mikono kwenye leso, anangoja nimshukuru.

Mimi nina hasira, mji unajua. Nimewahi kumrushia mteja blanketi. Siku hiyo niliiita hasira, haikuja. Nilisimama tu nikiangalia, nikawaza kwamba ndimu zimepanda bei. Kisha nikamwambia asante, Mama Millicent, akaenda zake jikoni akiwa na furaha, na mimi nikambebea baba sinia. Labda hataona, nilijiambia. Anasahau choo, atakumbuka weusi?

Aliichukua ya kwanza. Akaigeuza nyuma. Akafumba macho, akapitisha kidole gumba, akakipitisha tena. Kidole kilikuwa kinateleza hakina pa kushika. Akaiweka chini, akachukua nyingine, na nyingine, hadi zikaisha.

"Hizi si zangu," akasema. "Hizi ni za juzi. Zangu ziko wapi?"

Nilimweleza. Nilimweleza polepole, kisha nikamweleza tena. Akanisikiliza kwa adabu, vile anavyomsikiliza mtu anayejaribu kumuuzia kitu bandia, kisha akalisukuma sinia kando na kutazama ukuta. Huo ukuta ndio aliotazama kesho yake, na siku zilizofuata. Wakati mwingine alikuwa anainuka na kufungua makabati, anainua mito, anauliza zangu ziko wapi, lakini hamuulizi mtu, anaiuliza nyumba. Baadaye hata hilo akaacha.

Benter alipojua alichofanya alilia hadi akashindwa kuwasha jiko. Akaniambia nimfukuze. Nikamwambia maji yakimwagika hayazoleki, apike tu, watu wamefunga. Nilisema bila ukali, na nadhani angependelea ukali.

Nilijaribu kuzirudisha. Nilimpigia mtu wa Mombasa aliyekuwa akifanya biashara na baba, nikamweleza, akanipa pole kama mtu aliyeambiwa kuna maiti. Kisha akaniambia nichemshe mayai, niyakate, niyafungie na nishani kwenye kopo, moshi wa yai huitia fedha weusi. Nikafanya hivyo. Zilitoka na rangi ya njano, mfano wa meno ya mnywa chai. Nikampelekea baba. Hakugeuza nyuma hata moja. Alinusa.

"Mayai," akasema, akarudi kwenye ukuta wake.

Ningecheka, lakini sikuona kama ni mimi ninayetakiwa kucheka. Saa ya alasiri ikaanza kupita kama saa nyingine. Bado nilikuwa nafunga safari hadi nyumbani, sijui kwa nini. Ile sauti yake niliyokuwa naipata mara moja kwa siku ilikuwa imekwisha, na ndiyo peke yake niliyokuwa nimebakiza ya mtu aliyenilea. Nililijua hilo kama ninavyojua bei ya mablanketi. Halikunigusa popote.

Idd ikafika. Uzair akaja na familia yake, amevaa kanzu mpya. Kwa simu, kabla hazijasuguliwa, nilikuwa nimemsifia kwamba baba mbele ya nishani ni baba yule yule, na alikuwa amewaahidi watoto wataona. Akapiga magoti mbele ya kiti, akampa sinia. Baba akamwambia duka limefungwa. Watoto wakacheka, wakafikiri ni utani. Walikula biriani, wakapewa Idd yao, na wakati wa kuondoka Uzair aliinamia usukani akalia kama mtoto mdogo, mkewe anamsugua mgongo. Nilisimama mlangoni nikiwapungia mkono. Nilikuwa nafikiria masufuria.

Waliposhuka mlima nikarudi ndani. Mvua ya Kisii ilikuwa imeanza, ile ya kila siku. Sinia lilikuwa bado mezani, nikakaa mbele yake nizifungie kitambaa nizitie kabatini ziishe. Nikaokota simbamarara. Na sijui, ni mazoea tu ya mdomo, nikaanza kusema. Sikuwa nasema na mtu. Nilisema geuza nyuma kwanza. Nikasema hii pini ni ya mkono, angalia bawaba. Haya maandishi yamechongwa, kidole kinasikia ncha ya patasi. Nikaigonga kwenye jino, ikalia. Nikasema ni ya kweli, ya jeshi, ilitoka kwenye saa ya Mzungu wa chai, saa mbovu, na mama alinuna wiki nzima. Nikachukua ya shuke la nafaka. Nikasema hii ya mtu wa ofisi, aliileta mzee mmoja wa Sironga amefunga kwenye jani la mgomba. Niliendelea. Nilizijua zote. Sikuwa najua kwamba nazijua.

Nilipoinua kichwa, baba alikuwa ameacha ukuta. Alikuwa ananitazama mimi, macho yake yamekaa sawasawa, yale macho ya dukani.

"Nani alikufundisha?"

"Baba yangu."

Akanyoosha mkono, nikampa simbamarara. Akaigeuza nyuma, akatikisa kichwa taratibu kwa kukubali, si kwa nishani, kwa maneno yangu.

"Aliijua kazi," akasema. "Wachache sana wanaoanzia mgongoni. Bado yu hai?"

Nilifungua mdomo kumwambia ndiyo, yuko, ni wewe. Neno lilikuwa tayari. Lakini nilimwangalia alivyokaa, mzee mwenye heshima anayemuuliza mgeni habari za kwao, na nikashindwa kumdanganya.

"Hapana," nikasema.

Akaiweka nishani mezani. Akasema inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, jinsi alivyokuwa akiwashika wafiwa msikitini, akauminya.

"Pole sana, binti. Sikuzisikia habari za msiba. Ningekuja kumzika." Hakuuachia mkono wangu. "Jina lake nani, nimwombee?"

"Abdirizak."

Akakunja uso, akatafuta.

"Nadhani nilimjua," akasema. "Alikuwa na duka."

Kisha akainua viganja. Sauti ilikuwa yake, nzima, haikutetereka hata neno moja. Akamwomba Mola amrehemu Abdirizak, amsamehe makosa yake, ampanulie kaburi lake, na awape subira watoto aliowaacha. Iliniuma. Iliniuma kifua chote, na sikutaka aache. Alipomaliza alibaki ameinua viganja, ananingoja mimi, maana mfiwa ndiye hufunga dua.

Nikaitikia amin.