Ukili wa Mkono wa Kushoto

Kanzu ya mume wangu ilikuwa na maua kumi na saba mgongoni, na adhana ya Ijumaa ilikuwa imekwisha kutoka. Maua ya bamia. Unaikata bamia kwa upana, unaichovya kwenye rangi, unaigonga kwenye karatasi, linatoka ua. Ndivyo nilivyowafundisha wanangu asubuhi ile. Karatasi zilipokwisha, Nasma, wa miaka minne, akaiona kanzu ya baba yake imening'inia kwenye kamba, nyeupe, haina kazi.

"Rangi gani hii?" mume wangu, Twalibu, aliuliza, sauti ya mtu anayejizuia.

"Bizari."

"Bizari haitoki, mama Hafsa."

"Najua kama haitoki!"

Barazani, juu ya jamvi, mama yangu akacheka. Kicheko cha upande mmoja, maana upande wa pili wa uso ulikuwa bado haujarudi. Kilikuwa kicheko chake cha kwanza tangu tumtoe Ruaruke kumleta kwetu Kibiti, wiki tano nyuma, na badala ya kumshukuru Mungu nilitaka kulia kwa hasira.

Mambo hayo ya kukata na kubandika hayakuwa yangu. Mimi ni mwalimu wa hisabati. Mwaka juzi, mwezi wa tano, kiharusi kilimpiga mama kikauchukua mkono wa kulia, na yule dada wa mazoezi ya viungo hospitalini akaniambia nisimwache akae tu. "Mpe kazi ndogondogo za mikono, mwalimu. Mchanganye na watoto. Ukimwacha hivihivi mkono utakauka."

Shule zilipofunga nikajipanga kama ninavyopanga maandalio ya somo. Jumatatu wanyama wa udongo. Jumanne gari za maboksi, magurudumu vizibo vya soda. Jumatano wanasesere wa magunzi. Kila siku iliharibika kwa namna yake. Kuku walikula gundi ya unga wa ngano, wakala na boksi lililopakwa. Hafsa, mkubwa wangu, ana miaka saba na akili zake, alikata pindo la kanga ambayo sijaivaa hata mara moja ili gunzi lake lipate shela. Nami katikati ya uwanja, mkasi mkononi, nikipiga kelele ambazo darasani sijawahi kuzipiga.

Mama alikaa na watoto, mkono umelala mapajani kama wa kuazima, akitoa hukumu.

"Huyu ng'ombe au kigoda?"

"Ng'ombe, mama."

"Udongo huo una mchanga, Mwajabu. Utapasuka."

Ulipasuka. Lakini kugusa, hakugusa kitu. Nikimwekea donge kiganjani analiacha lianguke, kisha ananitazama, kana kwamba mimi ndiye niliyeangusha.

Macho yale nayajua. Kule Ruaruke ukisema mkeka wa mama yangu, Bi Sijaona, bibi harusi anatulia. Alisuka ukili, ule utepe wa kushonea mkeka, uliobana hata maji yakawa yanasita juu yake. Nilipokuwa na miaka tisa aliniketisha anifundishe, akanifumulia mara kumi na nne. Nilihesabu. Mkunjo mmoja ukilegea anaufumua wote mpaka mwanzo, hasemi neno, ananirudishia majani matupu ya ukindu. Mara ya kumi na tano sikwenda kukaa. Nikaenda kwenye daftari, ambako ukikosea angalau unaambiwa umekosea wapi.

Jumatatu baada ya kanzu, nilichoka. Nilifungua furushi lake, nikatoa kicha cha ukindu aliokuwa ameutia rangi kabla ya kuugua, nikautupa mbele ya watoto.

"Haya, sukeni. Mwulizeni bibi yenu, mimi nimeshindwa."

Nikaenda uani kufua ile kanzu kwa mara ya nne. Nilifua kwa ngumi. Niliporudi barazani kuchukua sabuni, nilisimama.

Mama alikuwa ameukanyaga mwanzo wa ukili kwa kisigino. Mkono wake wa kushoto unavusha jani, mkono wa kulia wa Hafsa unalipokea na kulikunja. Nasma anachagua rangi. Na ukili wenyewe, Mungu anisamehe, ulikuwa mbaya: umepinda kama njia ya ng'ombe, una matundu ya kupitisha kidole.

"Hapo pamelegea," nikasema.

"Napaona," mama akajibu.

"Mbona hufumui?"

Akavusha jani jingine. "Endelea, mjukuu wangu."

Sijui sauti ile ilinitoka wapi. "Mimi ulinifumulia mara kumi na nne, mama. Kumi na nne! Nilikuwa mtoto kama huyu!"

Mama hakuinua uso. Alilinyoosha jani kwa kidole gumba cha kushoto, polepole.

"Wakati ule nilikuwa na mikono miwili, Mwajabu."

Nikasubiri maneno yaliyobaki. Hayakuja. Siku ile hayakuja, wala miezi saba aliyokaa kwetu, wala aliposhika njia kurudi kwake Ruaruke, mbishi vilevile, mkono wa kulia ukiwa umerudisha kidole gumba peke yake. Kilimtosha kubana jani. Mikeka ya harusi hakusuka tena.

Lakini hapo barazani nilikuwa bado nimesimama, povu linanidondoka vidoleni, nimejaa hoja, wakati Hafsa alipoinuka ghafla.

"Mama, mkojo!" Akaachia jani, akakimbia. Mkunjo wa mwisho ukaanza kufunguka.

"Shika basi," mama akasema. "Unaniachia?"

Nikajifuta mikono kwenye kanga, nikachuchumaa, nikashika. Akavusha, nikakunja. Akavusha, nikakunja. Wa tatu ukalegea. Niliuona ulivyolegea, na mabega yangu yakapanda yenyewe hadi masikioni, miaka thelathini na nane na cheti cha ualimu ukutani.

Jani jingine likaja.

Nikalipokea. Tukaenda hivyo, upana wa kiganja, upana wa viganja viwili, mpaka Hafsa aliporudi akasimama mbele yangu, akidai nafasi yake.

Nikamwambia asubiri.