Jino Lenye Jina la Fundi

Katika makumbusho yale yote, kitu kilichobeba jina la Fundi kilikuwa kimoja tu: jino la papa aliyetoweka kabla binadamu hajakanyaga ardhi. Papa hana mfupa wa kuacha. Mwili huoza wote, meno hubaki. Jino hili lilikuwa na kijino ubavuni, na kwa kijino hicho Mwalimu, mtafiti mkuu, alisema huyu ni papa wa aina mpya kabisa, akampa jina la aliyelisafisha jino, yaani Fundi. Miaka ishirini na minane sasa. Mgeni hakuondoka nyumbani kwa Fundi bila kusimuliwa, na Ijumaa mjukuu wake wa kike angekuja na darasa zima kumwona papa wa babu.

Jumatano Fundi akalitoa alifute vumbi. Chini ya lenzi akaona mstari mwembamba wa manjano kati ya jino na kijino. Gundi! Tena gundi aliyoikoroga mwenyewe. Akakumbuka sinia la vipande vilivyochanganyika, na yeye na haraka zake za ujana. Kijino kilikuwa cha papa mwingine.

Nani angejua? Hakuna. Angelirudisha kwenye kabati la kioo, astaafu na heshima zake. Alikaa nalo hadi chai ikapoa, roho inamuuma kwelikweli. Mwishowe akapiga moyo konde, akapanda ngazi hadi kwa Mwalimu, siku hizi mtu wa mkongojo, akamweleza yote.

Mwalimu aliinamia lenzi muda mrefu.

"Ukitia dawa ya kuyeyusha, jina lako limekwenda na maji," akasema.

"Najua, Mwalimu. Kosa ni langu."

"Gundi yako, macho yangu. Tia."

Kwa tone la tatu kijino kikalegea, kikaangukia pamba.

Ijumaa watoto wakajipanga mbele ya kabati. Mjukuu akauliza papa wa babu yuko wapi.

"Hakuwahi kuwapo, mama," Fundi akasema. "Nilimuunga mimi, bila kujua."

Watoto wengine wakacheka. Mjukuu uso ukamshuka. Akasogea kwenye kioo, kwenye kibandiko ambacho babu yake alikiandika jana kwa mkono wake, akakisoma: meno mawili ya papa wawili, yaliyounganishwa kimakosa na... akafika kwenye jina. Kisha akalisoma jina la babu yake kwa sauti, mpaka herufi ya mwisho, wenzake wote wakasikia.