Majina Mgongoni

Saa kumi na nusu za jioni, Kidawa binti Mabrouk alichutama pembeni mwa nyumba ya mapumziko ya wakubwa, akapanga makumbi ya nazi ndani ya chungu kibovu, makavu chini, mabichi juu. Makavu hushika moto, mabichi hutoa moshi. Vyungu vilikuwa vinne, kimoja kila pembe, na hiyo ndiyo kazi aliyoajiriwa: kuzuia visubi, vidudu vidogo kuliko mbu, wasiwaume wageni.

Nyumba yenyewe aliijenga mtu asiyeuliza wenyeji. Aliiweka ukingoni mwa mikoko, mahali ambapo maji yakitoka huacha tope jeusi mpaka macho yanapokoma, na topeni ndiko wanakozaliwa visubi. Bwana afya alikuja mara mbili kwa mwezi na pampu yake ya dawa, akafukiza, akafukia madimbwi, akafyeka nyasi, akaandika kwamba visubi wamekwisha. Visubi walimngojea aondoke. Chandarua hakikufaa kitu, walipenya matunduni wakijiingilia kwao. Moshi tu ndio waliouogopa, na upepo ukigeuka hata moshi haukusaidia.

Mwaka ulikuwa wa sitini na tisa. Mgeni wa kwanza kuandikwa alikuwa Mzungu mmoja, mtaalamu wa mpunga, aliyesinzia ukumbini bila shati jioni ambayo Kidawa alikuwa na homa na vyungu havikuwashwa. Asubuhi Kidawa alipompelekea chai aliona vipele vyekundu vimejipanga mgongoni mwake kwa khati ya Kiarabu, mstari umenyooka, nukta zote mahali pake: Haji bin Pandu, Kidichi. Mzungu alisema anawashwa. Kidawa akampa ndimu na mafuta ya nazi, kisha akatuma mtu Kidichi kwa mke wa Haji Pandu, maana Haji Pandu alichukuliwa na watu wa serikali miaka minne nyuma na hakuonekana tena. Mke aliposikia alilia sana, akaoga, akaingia edani siku ile ile, kwa siri, bila ya kadhi. Hakuuliza ulikuwa mgongo wa nani.

Tangu hapo wanawake wakawa wanakuja mlango wa nyuma, huyu na mayai, huyu na mkungu wa ndizi. Hawakuja kuuza.

"Leo kaumwa nani, Bi Kidawa?"

"Daktari wa ng'ombe."

"Kaandikwaje?"

Kidawa alikuwa akiwaambia. Visubi hawakukosea hata mara moja. Kila jina lilikuwa la mtu aliyechukuliwa, na katika hao hakuna aliyerudi. Kwamba watu hao wamo topeni, na visubi wametoka kwao, halikuwa jambo la kuulizana. Wageni khati ile hawakuijua, wao waliona upele.

Kidawa naye alikuwa na jina lake analolingojea. Mumewe, Muhiddin, alikuwa karani bandarini, mtaa wa Malindi. Alasiri moja aliinuliwa kwenye kiti cha kinyozi, kidevu kimenyolewa upande mmoja, na watu wawili waliokuja na Landrova. Walisema wanamtaka dakika tano tu. Sasa ulikuwa mwaka wa tano. Kidawa hakuwa mke wala mjane. Eda hakuweza kukaa, khitma hakuweza kusomesha, na kila akisikia mlango unagongwa aliinuka mbio kwa tamaa iliyomtia aibu mwenyewe. Alitaka amlilie mumewe kwa haki yake, hadharani na kwa hati ya kadhi, basi.

Kadhi alimwonea huruma. "Mwanangu, mke wa aliyepotea husubiri. Niletee mashahidi wawili wanaojua kuwa kafa, siku hiyo hiyo nitakuandikia."

Awatoe wapi? Wanaojua ndio waliomchukua.

Mmoja wa wale wawili wa Landrova aliitwa Borafya. Mwezi wa tatu ikaja habari kwamba Ndugu Borafya, siku hizi mkubwa mwenye gari na dereva, anakuja kupumzika siku tatu. Mjaka, mpishi wa nyumba ile, alimwita Kidawa jikoni.

"Huyu akiumwa, Bi Kidawa, mimi na wewe tumekwisha."

"Nshafahamu," alisema Kidawa.

Jioni ya kwanza alifukiza mpaka Borafya akakohoa, akamsifu kwa kazi nzuri. Jioni ya pili joto lilizidi. Borafya alivua shati, akajilaza kifudifudi kwenye kitanda cha kamba ukumbini, akapitiwa na usingizi. Kidawa aliuona ule mgongo ulio wazi. Aliogopa, lakini alipiga moyo konde, akazunguka nyumba na ndoo, akamwagia maji chungu kimoja kimoja. Kisha akaenda kukaa kitako jikoni mpaka adhana ya magharibi.

Asubuhi aliitwa.

"Bi Kidawa!"

"Naam."

Borafya alikuwa kakaa kwenye kiti cha ukumbini, kaupa mlango mgongo. Toka kisogoni mpaka kiunoni aliandikwa, mistari imebanana mithili ya daftari la skuli. Mjaka alisimama pembeni na sinia la chai, hajui aliweke wapi.

"Nasikia hapa watu huandikwa," alisema Borafya. "Mimi nimekhitimu chuoni, khati naijua, ila mgongo wangu siuoni. Soma."

Kidawa akasoma. Majina yalikuwa thalathini na nane. Kwa kila jina Borafya aliitikia kwa kichwa, na mara moja tu alimkatiza.

"Huyo si wa Mpendae. Tulimchukua Jang'ombe."

"Imeandikwa Mpendae."

Borafya akafikiri. "Kweli. Jang'ombe alikuwa kwa dada yake."

Jina la thalathini na moja lilikuwa Muhiddin bin Abrahman, Malindi. Kidawa alilisoma kwa sauti ile ile. Akaendelea na saba yaliyobaki, kwa sababu na hao walikuwa na watu wao.

Alipomaliza alisema, "Kumbe Muhiddin kafa."

"Huo ni upele, bibi."

"Wewe unajua, Ndugu Borafya. Njoo kwa kadhi useme neno moja. Sitaki kesi, sitaki kujua nani wala vipi. Nataka nikae eda."

Borafya hakukasirika. Alimjibu taratibu, kama mtu wa duka anayeeleza kwa nini hakopeshi. "Nikimsemea wako, watakuja wa hao wengine wote. Nitamaliza lini?" Kisha akaomba ndimu.

Kidawa alimfuata Mjaka jikoni. "Umesikia kwa masikio yako. Nifae japo wewe."

"Mimi nimeona vipele tu, Bi Kidawa," alisema Mjaka. "Nna watoto saba." Akakaa kwenye mbuzi, akakuna nazi na machozi yanamtoka, na hakuna aliyemlaumu.

Siku ile wanawake walikuja wengi kuliko siku zote. Kidawa aliwapa majina yao, mmoja mmoja, mpaka sauti ikamkauka. Waliotaka kulia walilia nyuma ya banda la kuku, polepole, ili mgeni asibughudhike. Bi Wanu wa Kidichi, yule mjane wa Haji Pandu, alimuuliza na yeye kapata nini. Kidawa akamwambia. Bi Wanu akamshika mkono.

Siku ya tatu vipele vilikuwa vimenywea. Mgongo wa Borafya ulirudi kuwa mgongo, mweusi, laini, wa mtu anayekula vizuri. Hakumwadhibu mtu. Alivaa shati lililopigwa pasi, akaagiza kwamba vyungu viongezwe viwe vinane, akashuka ngazi. Dereva alimfungulia mlango wa gari. Kidawa alisimama barazani kumuaga, kama ilivyompasa.

"Tumefurahi, Bi Kidawa," alisema Borafya, keshakaa, kioo kimeshushwa. "Muhiddin akirudi, nisalimie."

"Salamu zimefika," alisema Kidawa, macho kwenye tope la mikoko, akaingia ndani kutandua shuka za mgeni.