Safari ya Kutafuna

Mimi ni mwalimu wa udereva, na gari letu la shule lina breki mbili. Ya mwanafunzi ni ya kujifunzia. Yangu ndiyo inayoturudisha nyumbani. Kwa kazi hiyo mguu wangu wa kulia umepata akili zake. Hata nikiwa kwenye kochi natazama televisheni, gari likikatisha mle ndani, mguu unakanyaga.

Mume wangu ni kinyozi. Nilijaribu kumfundisha mwenyewe, nusura tuachane kwenye mzunguko wa hospitali, mbele za watu. Baada ya hapo akaenda kimyakimya kwenye shule ya wapinzani wangu, akarudi na leseni.

"Jumamosi tunakwenda ziwani kuogelea," akasema. "Mimi na wewe tu, kwa gari letu la nyumbani, na naendesha mimi. Mama atakaa na watoto. Ila ukinifundisha hata neno moja njiani, nakupa ufunguo palepale, na usukani sishiki tena mpaka naingia kaburini."

Alimaanisha. Huyu mtu aliwahi kususa chai mwaka mzima kwa utani wa shemeji yake. Na mimi ufunguo sikuutaka. Kutwa nakaa na watu wanaotaka kuniua kwa kutojua, jioni nawapeleka watoto, Jumapili nampeleka mama mkwe. Nilikuwa nimechoka. Nilitaka, hata mara moja maishani, kukaa kiti cha abiria nikatazama miti ikipita, kama mke wa mtu.

Mama mkwe alitusindikiza hadi getini, mjukuu mgongoni. "Mwanangu, pole pole," akamwambia mwanawe. Kisha akainamia dirisha langu. "Na wewe mkwe wangu, funga mdomo."

Hata mtaa hatujauacha, bwana akashika kile kioo cha ndani cha kutazamia nyuma, akakigeuza hadi kikanielekea mimi. Nikasema moyoni, mazoea ya kazi hayo. Kinyozi hazungumzi na mtu, anazungumza na kioo.

"Sasa nakuona vizuri," akasema, ananitabasamia mle kiooni. Nyuma yetu lori likapiga honi ndefu. Nilifungua mdomo, na ni bahati tu kwamba pale kwenye kona palikuwa na mtu anachoma mahindi.

"Simama!" nikasema. "Nataka mahindi."

Hilo halikuwa somo, ilikuwa njaa. Ndipo nilipoipata dawa: mdomo uliojaa haufundishi. Akikata kona bila kuwasha taa, nang'ata. Aking'ang'ania gia ya pili kwenye barabara iliyonyooka, natafuna. Mahindi yakaisha kabla ya daraja. Nikanunua karanga, nazo zikaishia kwa mwendesha baiskeli mmoja tu. Nikanunua maembe, nikanunua miwa, nikanunua keki za asali kwa bibi mmoja aliyenitazama kwa huruma akaniuliza mimba ina miezi mingapi.

"Leo una hamu ya kula!" mume wangu akaniambia kiooni, mwenye furaha zake.

"Mm," nikasema.

Ajabu ni kwamba kila nilipojua sasa tumekwisha, alipunguza mwendo mwenyewe. Niliwashukuru wapinzani wangu kimoyomoyo, na iliniuma.

Ziwani yeye alijitosa bila kufikiri, amekulia mtoni. Mimi kuogelea sijui. Niliingia hadi kiunoni, mfuko wa plastiki kichwani kulinda nywele nilizosukwa jana yake.

"Lala chali," akasema. "Nimekushika."

Nikalala. Kufumba na kufumbua mguu wa kulia ukakanyaga maji kwa nguvu zote, nikazama, nikamkaba shingo, tukazama wote. Mara ya pili vilevile. Watu ufukweni waliacha kula watutazame.

"Mke wangu," akasema akitema maji, "humu hakuna breki."

"Nani kasema habari za breki?"

"Mguu huo naujua, unanikanyaga hata usingizini. Na taya lako nalijua." Akacheka huku akinilaza tena. "Ulidhani kioo kile nilikigeuza tupige soga? Njia nzima nilikuwa natazama taya. Likitafuna taratibu, naongeza mwendo. Likikaza, nakanyaga breki. Pale kwa yule wa baiskeli ulikula karanga na maganda yake, nikajua hapa nisubiri."

Nilipandwa na hasira. Kumbe nimemfundisha njia nzima, na mti hata mmoja sijauona!

"Kwa hiyo kuendesha hujui!"

"Sijui kama najua," akasema, na safari hii hakucheka. "Kule shuleni mwalimu alikuwa na breki yake. Leo nilikuwa na uso wako. Naogopa, mama watoto."

Nilitaka kumjibu vibaya nikashindwa, kwa jinsi nilivyompenda pale. Ndipo nikaona mikono yake yote miwili iko juu ya maji, anapangusa macho. Nilizama papo hapo, lakini kabla ya hapo nilikuwa naelea.

Tulipomaliza aiskrimu zetu na kuingia garini, nilikishika kile kioo nikakigeuza kitazame nyuma.

"Sasa nitakuonaje?"

"Hutaniona."

Akawasha gari. Nikaegemea dirisha. Miti ilikuwa mingi kuliko nilivyofikiri. Nilipitiwa na usingizi kabla ya kwa bibi wa keki.

Nilipoamka tulikuwa nyumbani. Gurudumu moja la mbele lilikuwa limetulia katikati ya maua ya mama mkwe, na mwenyewe kasimama mlangoni, mikono kiunoni, ananitazama mimi, mwalimu wa udereva. Mume wangu naye alikuwa ananitazama, ana kwa ana, kijasho chembamba kinamtoka.

Mdomoni sikuwa na hata punje ya mahindi.

"Asante kwa kunileta, baba watoto," nikamwambia, nikafungua mlango, nikashukia kwenye maua.