Masikio Mazima

Uligeuza shingo. Usikatae. Mwaka jana mnadani Karatu ulikuwepo na kikombe chako cha chai, ukitazama magari ya watalii yakipanda kwenda geti la hifadhi, wakati Naisula wa Endulen anakataliwa kondoo thelathini mbele ya pua yako. Ulimsikia Hhando, mnunuzi anayesafirisha kondoo kwenda Uarabuni, akisema: "Mama, hawa wanakwenda kuchinjwa Idi. Sikio lililokatwa ni kasoro. Siwachukui." Ukamwona dalali Martini akiwazoa wote kwa bei ya kutupa. Ukamaliza chai.

Naisula hakusahau. Kwao, tangu mababu, kondoo hukatwa sikio angali ananyonya, kila ukoo na mkato wake; hiyo ndiyo hati. Siku ileile aliporudi alikificha kisu cha kukatia masikio, na waliozaliwa baadaye wakakua bila alama.

"Kondoo asiye na alama ni wa fisi na wa kila mtu," alisema shemeji yake Sitonik, anayeshika boma tangu mumewe Naisula afariki. "Na hawa wekundu wako, vidogo hivi, vinamshibisha nani? Ukirudi umekataliwa tena, naleta dume la kigeni, kundi zima tunalibadilisha."

"Kama lile la jirani, lililokufa kwa minyoo masika?"

"Maneno hayo yapeleke mnadani, shemeji."

Basi akayapeleka. Madume ishirini na wawili, wekundu kama vumbi la Karatu, mikia imejaa mafuta. Aliwaswaga kwa miguu hadi kijiji cha Baray, akawalaza huko usiku, akawapandisha mjini.

Hhando aliwapapasa migongo, akashika masikio moja moja. "Mazima," akasema, akaenda kuita lori.

Kurudi, akakuta kizuizi cha zizi la jirani kimeanguka, na kondoo wa Martini wamemwagika ndani ya zizi la Naisula. Martini naye alikuwa amekwisha kusikia habari ya masikio; alikusanya wekundu sita wasiokatwa. Sasa ameegemea fimbo, ametulia kama mwenye mali.

"Humu wangu ni kumi na wanane," akasema. "Kama ni wako, mama, onyesha alama."

Watu wakatazama viatu vyao. Nawe pia.

Naisula akatupa shuka lake la rubega begani, akaligeuzia zizi mgongo, asione hata mkia.

"Hhando, yuko mmoja mkia umepinda kulia. Mama yake ni yule kikongwe wangu wa jicho moja. Kwapani kushoto ana doa jeupe, kama punje ya maharage."

Hhando akainama, akamkamata, akainua mguu. Doa lilikuwepo.

"Ndugu yake ana chuchu nne, na ni dume zima."

Zilikuwa nne. Mtu akacheka. Naisula akaendelea, mama kwa mama, kovu kwa kovu, na alipofika wa kumi wauza nyama choma walikuwa wameacha majiko yao. Alipomtaja wa ishirini na mbili, hakuwa amekosea hata mmoja.

"Zamu yako, Martini," akasema Hhando. "Nitajie mama wa mmoja tu."

"Kondoo ni kondoo, bwana."

"Makubwa," akasema Lukresia muuza chai. "Mimi hata kuku najua mama zao."

Mnada mzima ukaangua kicheko. Martini akawatoa sita wake, akaondoka bila kudai wa saba.

Ishirini na wawili wakapanda lori, na Hhando akaomba arobaini wengine kwa Idi ijayo, wekundu hawahawa. Sitonik, aliyekuja kumtazama akishindwa, ndiye aliyefunga mlango wa lori kwa mkono wake.

"Shemeji," akanong'ona, "kile kisu umekificha wapi?"

"Mahali ambapo hutakipata."

Haya, wewe uliyecheka pamoja nao. Kucheka hakutoshi. Mnada ujao dalali mwingine atamwambia mwanamke mwingine aonyeshe alama. Weka kikombe chini. Sogea hadi zizini, simama ubavuni mwake, umuulize dalali yeye kwanza: mama wa kondoo huyu ni nani? Uliza kwa sauti, usingoje mwenzako aanze.