Ng'ombe Wanapanda, Hawavuti

Mume wangu Silvanus ana kasoro moja: ukimtamkia neno behewa, wewe hutasema tena mpaka kesho asubuhi. Alikuwa mkuu wa stesheni miaka thelathini na moja, Tabora na vituo vingine vya porini ambavyo hata shetani angeshuka hapo kwa bahati mbaya tu. Sasa tunaishi Toronto, Crescent Town, ghorofa ya kumi na nne, kwa binti yetu Skolastika. Reli aliyobaki nayo ni ya treni ya mjini inayopita Victoria Park. Anasimama dirishani na saa mkononi anaikosoa. Ikichelewa dakika mbili ananiita nije nione aibu ya watu.

Basi mwezi wa tano Skola akapiga simu kutoka kazini, ana haraka zake za kupokezana zamu. Akasema shule ya Joanne, mjukuu wetu wa miaka kumi, ina maonyesho. Kila kundi la watoto litengeneze wagoni moja, zote zipangwe ziwe wagoni treni, kuonyesha jinsi familia za karne ya kumi na tisa zilivyosafiri kwenda magharibi. Baba amsaidie Joanne, tafadhali. Akakata simu. Silvanus akakaa kitini taratibu, macho yamemlowa.

"Mama Skola," akaniambia, "hawa watu wanataka Reli ya Kati."

Nikamwuliza ana hakika gani. Akaniuliza reli ilifika Kigoma mwaka gani. Akajijibu: kumi na tisa kumi na nne. Sasa kama hiyo si karne ya kumi na tisa, ni karne ya ngapi? Na familia kwenda magharibi, je, Kigoma iko mashariki? Mtu anayeuliza maswali na kuyajibu mwenyewe utamsaidiaje. Nikarudi jikoni kwenye maharage yangu.

Kumbe wenzetu walikuwa wanasema habari za walowezi wao wa zamani. Hao walikuwa wanafunga vyombo, wanapakia wake na watoto kwenye magari makubwa ya kuvutwa na ng'ombe, juu turubai jeupe, wanakwenda miezi na miezi kutafuta mashamba. Magari hayo yakifuatana ndiyo wanaita wagoni treni. Sisi nasi tulifunga vyombo tukaja huku, ila tulipewa kilo ishirini na tatu kila mtu na hatukuruhusiwa kupakia ng'ombe. Lakini hayo ya walowezi tuliyajua siku yenyewe, uwanjani, mbele za watu.

Wiki tatu mzee hakulala vizuri. Aliokota boksi la friji chini kwenye chumba cha takataka, akalipandisha juu ya kitoroli chekundu cha Joanne. Akalipaka rangi ya kutu. Akakata matundu ya hewa kwa kisu changu cha vitunguu, kisu kikafa. Ubavuni akaandika namba, akaandika TANI 30, na chini yake KIGOMA kwa herufi ambazo kipofu angezisoma. Kazi yote aliifanyia chumbani kwetu wakati mtoto yuko shuleni, maana alitaka kumshtua kwa furaha. Usione vyaelea, vimeundwa, ndivyo alivyokuwa ananiambia kila jioni, na rangi ya kutu puani.

Mimi nilikuwa na langu moyoni, nalo sikumwambia.

Mwaka jana shule hiyo hiyo ilikuwa na siku ya vyakula. Nilipeleka vitumbua, nimevaa kitenge changu cha Pasaka. Rafiki yake Joanne, binti mmoja anaitwa Qurratulain, akamwuliza mimi ni nani. Joanne akajibu kwa Kiingereza kwamba mimi ni mama wa kazi wa kwao. Kiingereza nakisikia sana, kukisema ndiko kunakonipiga chenga. Niliumia, sisemi uongo. Nililia kwenye lifti kuanzia chini mpaka ghorofa ya kumi na nne, jirani wa Kibangladeshi akanipa kitambaa akidhani nimefiwa. Mkataa kwao mtumwa, nilisema peke yangu, halafu nikajuta kumsemea mtoto maneno hayo. Mimi nina ngozi ngumu. Lakini Silvanus yule, na boksi lake lile, akikanwa mbele ya watu angekufa huku amesimama.

Kwa hiyo nikapanga asiende. Nikaficha kofia yake ya stesheni ndani ya oveni, maana bila kofia hatoki hata kwenda kanisani kama kuna harusi. Bahati yangu. Asubuhi ya maonyesho nikamwambia mwenyewe, kwa kinywa changu, apashe mikate. Akaitoa kofia ina joto, akaivaa, akasema afadhali, asubuhi kuna baridi. Hakuniuliza imefikaje humo. Miaka arobaini na nne ya ndoa, kuna mambo ameshaacha kuuliza.

Behewa halikuingia kwenye lifti ya kwanza. Wala ya pili. Ya tatu likaingia na yeye akabaki nje, likashuka peke yake, mlango ukafunguka ghorofa ya tisa mbele ya mzee mmoja mwenye mbwa. Mbwa huyo hajapanda lifti tena mpaka leo.

Tukafika uwanjani saa nne kasoro, tumelifunika shuka. Na mimi nikaona. Vitoroli kumi na kimoja vimepangwa mstari, vyote vina turubai jeupe la duara, mbele ya kila kimoja ng'ombe wawili wa karatasi ngumu. Nikamvuta mume wangu mkono nikamwambia turudi, nimeacha maharage jikoni. Hakunisikia. Alishaanza kuvua shuka.

Likatokea behewa la mizigo la Reli ya Kati, la rangi ya kutu, limesimama katikati ya walowezi.

Watoto wakaacha vitoroli vyao wakaja kutazama. Mwalimu wao, kijana mpole mwenye ndevu, akalizunguka mara mbili. Akauliza kwa adabu ng'ombe wake wako wapi. Silvanus akafungua mlango wa boksi, akamwonyesha ng'ombe wawili wa manyoya wa kuchezea, wamelala kwenye nyasi, kila mmoja na tundu lake la hewa.

"Ng'ombe wanapanda, hawavuti," akamwambia, kwa Kiingereza cha stesheni. "Ukiwafungia mbele, watafika Kigoma wamekonda."

Mwalimu akafikiri, akasema hilo ni kweli. Watoto wakacheka. Hawakucheka vibaya sana, lakini walicheka, na Joanne alisikia. Alikuwa amesimama na Qurratulain pembeni, ameshika kamba ya kuvutia kitoroli, masikio yamemwiva. Kivulana mmoja akamwuliza yule mtu wa kofia ni nani, polisi?

Silvanus alikuwa amesimama hatua tatu tu, anatabasamu, amebana bendera yake ya stesheni kwapani, filimbi shingoni, anangoja kutambulishwa.

Joanne akatazama viatu vyake. Akasema, "Ni mtu wa treni tu. Amekuja na behewa."

Alisema kwa Kiingereza, lakini hiki alikisikia kila mtu. Nikamwona mume wangu tabasamu likibaki mahali pake na macho yakiondoka. Akanitazama mimi. Halafu akaiweka kofia sawa, akamgeukia yule kivulana.

"Sawa kabisa," akamjibu. "Mimi nimekuja na behewa." Na akampigia Joanne saluti, kama anampigia bosi.

Ningekuwa na mwiko mkononi siku ile, sijui. Nilikuwa na hasira mpaka meno yananiuma. Nikakaa kwenye benchi, nikafunga mikono, nikasema sitasema neno, na nisiposema neno ujue mambo mabaya.

Safari ikaanza. Walowezi wote wavuke uwanja mpaka kwenye uzio, ndiko magharibi. Joanne akapewa zamu ya kupanda, akakaa humo ndani na ng'ombe, uso unaonekana kwenye tundu. Qurratulain na kivulana yule wakawa wanavuta. Upande ule uwanja unateremka kidogo kuelekea bondeni. Kidogo tu, lakini boksi la friji lina ubavu mpana, na upepo ukaja kutoka nyuma. Kamba ikawaponyoka.

Loo, behewa likaenda. Likampita mlowezi wa kwanza, likampita wa pili, likamgonga wa tatu, ng'ombe wa karatasi wakaruka. Na Silvanus, nisikilize vizuri, mtu wa miaka sabini na mbili, akakimbia mpaka mbele ya behewa, akasimama wima, akainua bendera nyekundu. Akapuliza filimbi. Kisheria alikuwa sahihi kabisa.

"Baba Skola," nikamwita kutoka kwenye benchi, "behewa halisomi bendera."

Na ndani ya boksi ikatoka sauti ya mjukuu wangu yule ambaye kila nikimsemesha Kiswahili ananijibu Kiingereza.

"Babu! Babu nishike! Babu!"

Mzee akatupa bendera. Akalikumbatia boksi kwa mikono miwili kama mtu anayemkumbatia mgeni wa stesheni. Likamsukuma, likamburuza kwa visigino, wote wakaishia kwenye rundo la turubai na walowezi, na boksi likapasuka kuanzia TANI mpaka KIGOMA. Nilipofika mbio, viatu nimeviacha njiani, Joanne ameshatoka, ana nyasi kichwani. Alikuwa anampapasa babu yake mabega, anamwuliza umeumia wapi, Babu, niambie umeumia wapi, Kiswahili kinamtoka chote na makosa yake yote. Mzee akasema hajaumia, ila treni imechelewa.

Hapo ndipo ikaja fujo nyingine. Wale watoto hawajui babu maana yake nini. Wakadhani ndilo jina lake. Wakamzunguka, Babu puliza tena, Babu nami nibebe, Babu simama mbele ya wagoni yetu. Kivulana yule akamshika mkono kabisa, anamvuta, Babu njoo. Silvanus akawa anawaitikia wote, kila mmoja na saluti yake, na Joanne amesimama nyuma yao akitazama, midomo imemvimba.

Nilidhani ameona aibu tena. Nikaanza kutafuta viatu vyangu ili tuondoke.

Joanne akapenya katikati yao, akaushika mkono ule mwingine wa mzee, akauvuta kwake. Akawaambia kwa Kiingereza, kwa sauti iliyomfanya hata mwalimu ageuke, kwamba Babu si jina. Halafu Kiingereza kikamwishia, au hakikutosha.

"Ni babu yangu," akasema. "Wangu mimi. Nilidanganya."

Uwanja mzima, hakuna aliyeelewa ila watu watatu. Silvanus alitazama juu muda mrefu, kama anatafuta saa. Qurratulain, ambaye hajaelewa lakini si mjinga, akaninyooshea kidole mimi nimesimama peku kwenye nyasi na kiatu kimoja mkononi. Akauliza, na yule?

Joanne akanitazama. Nikamwona anakumbuka vitumbua.

"Yule ni bibi yangu," akasema, pole pole, kama anapita juu ya maji. "Ana hasira na mimi."

Sikuwa na hasira tena. Ilikuwa imekwisha zamani, nadhani ilibaki kule alikokumbatia mzee lile boksi. Lakini sikumwambia papo hapo. Nilimwambia aje anivalishe kiatu.