Orodha ya Waongozaji

Pudensiana alizipanda ngazi za ofisi ya kazi kwa magongo, akipumzika kila baada ya ngazi tano. Mguu ulivunjika miezi miwili nyuma huko kwenye miteremko ya Meru, jukwaa la mbao lilipomporomokea akiongoza filamu ya tajiri Sumari. Sumari alimpeleka hospitali, akamwacha kwenye benchi, akarudi kumalizia filamu na mwongozaji mwingine.

Ofisa aliisoma taratibu karatasi aliyopewa. Majina ishirini na moja, kila moja na sahihi yake.

"Mama, mwajiri wako ni nani?"

"Sumari. Nimemwongozea filamu saba."

"Barua ya ajira unayo?"

"Hakuna mwongozaji Arusha mwenye barua. Ndiyo maana tunataka chama."

"Chama cha wafanyakazi kinaandikishwa na wafanyakazi. Nyinyi, kwa soko huria hili, ni wafanyabiashara." Akaivuta karatasi upande wake. "Iache niipitie. Rudi Alhamisi."

Alhamisi alirudishiwa karatasi bila muhuri.

Jumamosi waongozaji waliitana kwenye ukumbi wa usharika, Elerai. Walifika tisa. Koikai, ambaye Pudensiana ndiye aliyemfundisha kushika kamera, alisimama mlangoni bila kuvua kofia.

"Shikamoo, dada Pude."

"Marahaba. Kaa basi."

"Sikai. Naomba jina langu lifutwe." Akatazama sakafu. "Sumari anayo orodha yetu. Nakala kabisa. Amesema aliyemo asikanyage ofisini kwake, kule Sakina. Na matajiri wenzake wote amewapa."

Hakuna aliyeuliza nakala ilitoka wapi. Karatasi ile ilikuwa imelala juu ya meza moja tu.

"Na ukianguka wewe kesho, Koikai?"

"Nitaanguka nikiwa na kazi."

Wengine wakainamisha vichwa. Anaeli, mzee kuliko wote, akamsogezea kalamu. "Futa wewe, binti yangu. Mikono yetu isionekane."

Pudensiana aliwatazama mmoja mmoja. Kisha akafuta. Alifuta polepole, kwa mistari iliyonyooka, waliofika na wasiofika, hadi likabaki jina lake peke yake.

"Tufunge kwa sala," Anaeli akasema, akasimama. "Baba, tunakushukuru kwa kazi unazotupatia. Utulinde mikononi mwa..."

Nje, gari la Sumari likapiga honi mara mbili. Viti vikakwaruza sakafu, na "amina" ikaitikiwa kwa pamoja kabla sala haijafika kwenye kuwaombea wagonjwa.